Kwa Mwanangu Unayechangisha Fedha

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imefika, nimeisoma, na baba yako naye kaisoma. Unauliza kwa nini watu huchangia mashirika yanayowalea wasichana kuwa viongozi, maana mkurugenzi wako anataka barua ya wafadhili kabla mwezi haujaisha. Unasema umekabidhiwa picha ya msichana anayelia, ukaambiwa uanzie hapo.

Sababu ni nyingi, na wewe umezisomea kuliko mimi. Wapo wanaotoa kwa ajili ya dini yao. Wapo walioombwa na rafiki wakaona haya kukataa. Wapo wenye mabinti, wanaiwaza dunia watakayowaachia. Mchumi James Andreoni aliandika mwaka 1990 kwamba anayetoa hupata raha yake mwenyewe moyoni, mbali na faida ya anayepokea. Sina ubishi naye. Linalonikaa mimi rohoni ni jambo jingine: huyo anayetoa, anamwona nani mbele yake?

Kisa cha ile hafla ya wafadhili shuleni kwetu unakijua kwa mdomo wa shangazi yako, lakini yeye hakuwapo. Nilikuwa katibu wa klabu ya wasichana shuleni. Tulikuwa tumeiandikia bodi ya shule tukidai milango ya vyoo vyetu iwekwe makomeo, na mimi ndiye niliyesimama mbele yao kulitetea ombi. Makomeo yakawekwa. Basi wafadhili walipokuja, niliandaa maneno yangu kwenye karatasi ya daftari: tulianzaje, nani alitupinga, tulimjibu nini. Mratibu aliichukua ile karatasi, akaipitia harakaharaka, akaitia mkobani mwake. Akaniambia, "Leo waeleze tu habari za kifo cha baba yako."

Nikaeleza. Babu yenu hakuwa na hata mwaka kaburini. Mstari wa mbele mama mmoja akatoa leso, fedha zikaahidiwa, nami nikapigwa picha machozi hayajakauka. Picha hiyo waliichapa kwenye kalenda yao. Makomeo hakuna aliyeyataja. Mpaka leo nikiona meza imetandikwa kitambaa cheupe na maikrofoni juu yake, koo hunikauka.

Aliyenifuata baadaye ni mmoja tu, yule ambaye nyinyi watoto mlimwita Bibi wa Barua. Aliniuliza, "Kwenye klabu yenu wewe ni nani?" Nikamwambia katibu. Akataka kujua katibu anafanya nini, ndipo nikamsimulia yote yaliyokuwa kwenye karatasi, tumesimama pale mlangoni watu wakitupita. Nilipofika pale mjumbe mmoja wa bodi aliposema wasichana wana haraka, nami nikamjibu kuwa choo hakingoji kikao kijacho, alicheka mpaka akanishika bega. Furaha ya siku ile ninayo bado. Akatuchangia mwaka ule, akatuchangia uliofuata, hata nilipokwisha kumaliza shule aliendelea na wadogo zangu, na kila barua yake ilikuwa na swali lilelile: mwaka huu mmeamua nini? Wale wenye leso sikuwasikia tena.

Ndiyo maana tangu mko wadogo nawaambia: anayekuhurumia hutoa mara moja, anayekuamini hurudi.

Najua utakalonijibu, kwa sababu ulishanieleza ule utafiti wa 2007 wa Deborah Small na wenzake. Watu walioelezwa habari za mtoto mmoja wa kike wa Mali walitoa zaidi kuliko walioelezwa takwimu za mamilioni wenye njaa, na takwimu zilipoongezwa kwenye habari za yule mtoto, michango ikapungua. Ni kweli, na sitaki kuipuuza huruma. Huenda fedha za siku ile ndizo zilizonunua madaftari niliyoyaandikia. Yule mama wa leso hakunikosea kitu, alilia kwa sababu nililia. Lakini, mwanangu, utafiti ule ulipima kutoa mara moja. Shughuli yenu haiishi kwa mchango mmoja. Aliyefadhili kisima atakiona kisima. Aliyemfadhili msichana ajifunze kuongoza kikao atangoja miaka, na huenda asione kitu cha kupiga picha. Huruma itamngojesha vipi mtu muda wote huo?

Tazama CAMFED, shirika linalosomesha wasichana Afrika. Ann Cotton alianza Zimbabwe mwaka 1993 kwa kuwasomesha wasichana 32. Miaka mitano baadaye waliosomeshwa wakaunda umoja wao, na leo wanawalipia wengine shule kwa fedha zao wenyewe. Hao hawatoi kwa kuonea mtu huruma. Wanatoa kwa kuwa wanajua kilichomo ndani ya msichana akipewa nafasi.

Na hata asiyepitia njia hiyo unaweza kumwonyesha. Mwaka 2012 Lori Beaman, Esther Duflo na wenzao walichapisha utafiti wa vijiji 495 vya West Bengal, India, ambako katika baadhi yake viti vya uongozi vilitengwa kwa wanawake. Palipoongozwa na wanawake vipindi viwili, wazazi walianza kuwatakia mabinti makubwa zaidi, na pengo la elimu kati ya wavulana na wasichana likafutika. Watafiti wenyewe walisema sababu kubwa ni kwamba wasichana walimwona mwanamke akiongoza. Hilo ndilo ningemwambia mfadhili: unachangia msichana mmoja aonekane, na kijiji kizima kinamtazama.

Tena kinachotolewa ni kidogo mno. Wanaopima mambo haya Chuo Kikuu cha Indiana wamekuta kwamba mashirika ya wanawake na wasichana hupata takriban asilimia 2 tu ya michango yote ya hisani Marekani. Kwa hiyo naelewa kwa nini mkurugenzi wako anashika chochote kinacholeta fedha haraka. Ana mishahara ya kulipa, wewe ukiwamo.

Kuhusu picha, sitakuamulia. Wewe ni mtu mzima na kazi ni yako. Ningekuwa mimi... basi, hukuniuliza hilo. Ila huyo msichana wa pichani nimemtafuta barua yako nzima nikajua umri wake na masaibu yake, nisijue anafanya nini kwenye kikundi chake. Kamuulize, halafu uamue.

Na kabla ya kuwatafuta wafadhili wapya, waandikie waliotoa mwaka jana uwaeleze wasichana wameamua nini tangu hapo. Usiombe kitu kwenye barua hiyo. Nitumie nakala niisome. Baba yako anakusalimu, anauliza likizo utakuja lini.

Mama yako