Utenzi wa Vita Unaopinga Vita

SWALI: Ndugu Mhariri, natunga utenzi kuhusu mapigano ya Tanga ya Novemba 1914 kati ya Waingereza na Wajerumani, yale ambayo nyuki waliwashambulia askari. Nia yangu ni kupinga vita, lakini kila anayeusoma anasema umemsisimua kama habari za mashujaa. Nimekosea wapi?
Msomaji, Ngamiani, Tanga

JIBU: Utenzi wenyewe unakuvuta huko. Tangu zamani umebeba sifa za mashujaa, na mizani (silabi) nane nane huenda mbio. Panga zikianza kulia, msomaji hushangilia. Usiuache, ila utumie mshororo (mstari) wa nne wa kila ubeti. Mitatu ya kwanza hulingana vina, yaani silabi za mwisho, wa nne hubeba kina kinachopita utenzi mzima. Mitatu ipe kelele za vita, wa nne utaje kile ambacho amri ya jeshi haikitaji:

Bendera zikapandishwa,
Nishani watu kavishwa,
Mizigo watu katwishwa,
Chungu kitupu jikoni.

Takriri ya "watu" ndiyo inayoshtaki: neno ni lile lile, watu si wale wale. Sasa pima "Vita ni vibaya sana". Mizani ni nane kamili, lakini hakuna anachokiona msomaji, na hata jemadari angekubaliana nawe.

Badili pia msimulizi. Ukisimulia kutoka kilimani alikosimama kamanda, utaona mbinu za vita tu. Mpe mpagazi, mbeba mizigo ya jeshi, asimulie. Katika Vita ya Kwanza ya Dunia huku Afrika Mashariki, maradhi na njaa viliwamaliza wapagazi wengi kuliko risasi, kwa hiyo beti zake zitakuwa za kuhara, malaria na unga uliokwisha, na hapo ushujaa hauna pa kukaa.

Nyuki nao wanahitaji tahadhari. Ukiwafanya mashujaa, watu watacheka na kusahau maiti. Tumia swali la balagha: nyuki hupigania mzinga wake, askari aliyeletwa kwa meli kutoka India, akafia Tanga katika ugomvi wa Uingereza na Ujerumani, alipigania mzinga wa nani? Uliza, kisha usijibu. Ukijibu tu, umeligeuza hotuba.

SWALI: Kwa hiyo mtunzi asitamke kabisa kwamba vita ni uovu?
Mwanafunzi, Bagamoyo

JIBU: Atamke, ila achelewe. Mshairi Wilfred Owen, askari wa Uingereza aliyeuawa Novemba 4, 1918, wiki moja kabla ya mapigano kusimama, katika shairi lake "Dulce et Decorum Est" alieleza askari mwenzake akifa kwa gesi ya sumu, damu ikimtoka mapafuni. Shairi lina mistari 28. Msemo wa Kilatini kwamba ni vitamu na ni heshima kufia nchi anauita uongo katika mistari miwili ya mwisho tu, ushahidi ukiwa umekwisha kutolewa. Kwa utenzi wa beti 50, hukumu kama hiyo isitangulie beti tano za mwisho, na itolewe mara moja.