Maswali ya Wasomaji: Je, Albamu ya Freddie Mercury Ilidoda?

SWALI: Ndugu Mhariri, kwenye kijiwe chetu cha kahawa kumezuka ubishi usiokwisha kuhusu Freddie Mercury, mzaliwa wa Zanzibar aliyekuwa mwimbaji wa bendi ya roki ya Queen. Mmoja wetu anashikilia kwamba albamu aliyoitoa peke yake mwaka 1985, Mr. Bad Guy, ilidoda sokoni, ndiyo maana akarudi kundini mbio. Mwingine anaapa kwamba iliingia kumi bora. Tumwamini nani? (Msomaji wa Kariakoo, Dar es Salaam)

JIBU: Ndugu msomaji, waulize kwanza kila mmoja anazungumzia soko la nchi gani. Uingereza, albamu hiyo iliyotoka mwishoni mwa Aprili 1985 ilipanda hadi nafasi ya 6, na wimbo wake wa kwanza kutolewa peke yake, I Was Born to Love You, ulifika nafasi ya 11. Marekani, albamu hiyo hiyo iliishia nafasi ya 159 katika chati ya Billboard, orodha ya kila wiki ya muziki unaouzika Marekani, na wimbo huo haukuvuka nafasi ya 76. Kwa hiyo anayesema ilidoda anaisema Marekani, hata kama mwenyewe hajui.

Hilo la kurudi kundini mbio lifutwe kabisa, kwa sababu Mercury hakuwahi kujitoa Queen. Alirekodi albamu hiyo Munich, Ujerumani, akishirikiana na mtayarishaji Reinhold Mack, ambaye tayari alikuwa amefanya kazi na Queen, na nyimbo zote 11 alizitunga mwenyewe, nyingi zikiegemea disko kuliko magitaa ya roki. Kwenye maandishi ya jalada aliitunuku kazi hiyo kwa paka wake Jerry, kisha akawataja Tom, Oscar na Tiffany, nao paka. Sidhani kama huyo alikuwa mtu mwenye hofu ya kukosa wanunuzi.

Lenye uzito zaidi ni sababu za Marekani kuipa kisogo. Wengi hulaumu nyimbo zenyewe, lakini ukitazama mwenendo wa Queen utaona kwamba mlango ulikuwa umeanza kufungwa mapema: albamu yao ya mwaka 1980, The Game, ilishika nafasi ya kwanza Marekani, ile ya 1982 ikaishia nafasi ya 22, na The Works ya 1984, iliyofika nafasi ya 2 Uingereza, ikaambulia ya 23 Marekani. Baada ya 1982 bendi haikurudi tena kufanya ziara Marekani ikiwa na Mercury, na Mercury naye hakufanya ziara yoyote ya kuinadi albamu yake. Mwimbaji ambaye nguvu yake kubwa ilikuwa jukwaani aliziacha nyimbo zake mpya zijitafutie riziki redioni. Hata tarehe 13 Julai 1985, alipolitikisa jukwaa la Wembley katika tamasha la Live Aid mbele ya watazamaji wa dunia nzima, alipanda na Queen na hakuimba hata wimbo mmoja wa albamu hiyo, ingawa mwezi huo huo wimbo wake wa Made in Heaven ulikuwa umeingizwa madukani. Wimbo huo uliishia nafasi ya 57 Uingereza, na kwa maoni yangu hapo ilipotea fursa ambayo hakuna tangazo la kulipia lingeweza kuinunua.

Waambie wenzako pia kwamba chati ni picha ya wiki moja: enzi hizo zililinganisha kazi zilizouzwa katika wiki husika, na nafasi peke yake haikwambii jumla ya nakala zilizotoka wala faida iliyopatikana. Tena zilipima soko la nchi husika tu, wala kaseti iliyonakiliwa Kariakoo haikuhesabiwa popote. Mfano mzuri ni Living on My Own, wimbo wa albamu hiyo hiyo. Mwaka 1985 ulikwama nafasi ya 50 Uingereza. Mwaka 1993, karibu miaka miwili baada ya Mercury kufariki, ulichanganywa upya kwa midundo ya klabu na ukashika namba moja. Sauti ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni midundo na hamu ya watu kumsikia tena.

SWALI: Ninazo I Was Born to Love You mbili zisizofanana. Ipi ni ya asili? (Msomaji wa Tabata)

JIBU: Ya asili ni ya mwaka 1985, yenye vinanda vya umeme na mdundo wa disko. Ile yenye magitaa mazito imetoka kwenye Made in Heaven, albamu ya Queen ya mwaka 1995, ambamo wenzake watatu walichukua sauti aliyokwisha kuirekodi na kuipigia muziki upya. Albamu hiyo ilifika namba moja Uingereza. Tazama jina lililo kwenye jalada: likiwa la Mercury peke yake, hiyo ndiyo ya kwanza.