Kalambo kwa gari yako: panga mwezi kwanza, gari baadae

Mkuu umeuliza kama unaweza kutoka Dar na RAV4 yako mwezi wa tatu ukaenda na familia mpaka maporomoko ya Kalambo kule Rukwa, na wadau hapo juu washakutisha kwamba bila Land Cruiser V8 usithubutu. Mi ile njia nimeipita kiangazi na nimeipita masika, na Toyota Surf ya zamani tu ambayo hata wewe ukiiona barabarani utaipa pole, kwa hiyo ntakwambia nilichokiona.

V8 sahau kabisa. Hela ya kukodi V8 kwa safari yote hiyo unafunga matairi manne mapya na mafuta unaweka, kwa sababu kule kinachokwamisha watu sio udogo wa injini, ni mwezi waliochagua na matairi waliyoenda nayo. Na wewe hapo kwenye mwezi ndo umebugi. Rukwa mvua ni msimu mmoja mrefu, inaanza Novemba hivi inapiga mpaka Aprili, sio kama huku kwetu vuli inakatika unapumzika kidogo ndo masika yanaingia. Mwezi wa tatu ardhi imeshakunywa maji imeshiba.

Utaniambia lakini maji ya maporomoko si yanakuwa mengi kipindi hicho? Ndio, na hapo ndo penye mtihani wenyewe. Ukienda Septemba Oktoba barabara kavu unapiga mluzi, lakini mto umepungua sana, unasafiri nchi nzima kwenda kuangalia uzi wa maji. Ukienda Machi maji ni ya kutisha ila unaweza usiyafikie. Kwa maoni yangu nenda katikati ya Mei mpaka Juni, mvua imeshakata, njia imeanza kushika, na mto bado una nguvu. Shida yake ni baridi, Sumbawanga ipo juu, usiku wa Juni utatafuta blanketi la pili, wabebee watoto masweta.

Njia yenyewe wengi hawajui kwamba karibu yote ni lami. Dar, Moro, Mikumi, Kitonga, Iringa, Makambako, Mbeya, Tunduma, hiyo unaijua. Pale Tunduma kuna foleni ya malori ya Zambia na Congo, pita asubuhi. Ukitoka hapo unakata kulia kuitafuta Sumbawanga, kilometa 220 na kitu, lami nzuri, vijiji vingi, ng'ombe wengi na tochi nyingi za trafiki kupima spidi kwa hiyo 50 iwe 50 kweli. Sumbawanga lala, jaza tenki, na yale maneno ya uchawi mnayosemaga kuhusu Sumbawanga mkiwa mjini yaacheni huko huko, mi nimelala pale vizuri tu na gari nimelikuta lilipo. Asubuhi unashika barabara ya bandari ya Kasanga mpaka Matai, makao makuu ya wilaya ya Kalambo, bado lami. Yani umekula kama kilometa 1,200 na mpaka hapo hata IST inafika.

Shughuli ni unapoacha lami kwenda Kapozwa, kijiji chenye maporomoko upande wetu. Kwa kilometa sio mbali, ila nilipopita masika ule udongo ukilowa unateleza kama sabuni, na kuna vimiteremko ambavyo gari inajiendea yenyewe we umeshika stelingi kama pambo. Mbele yetu kulikuwa na dabo kebini mpya kabisa, four wheel ipo, kila kitu kipo, kasoro matairi ni ya lami. Tope lilijaa kwenye kashata za tairi mpaka tairi likawa laini pande zote, linazunguka pale pale, na jamaa kila likizunguka anaongeza mafuta, gari inazidi kujichimbia mpaka difu ikakaa chini. Kuna mzee mmoja alikuwa anapita na baiskeli ana gunia la mahindi nyuma, akasimama akaangalia akasema "kijana, toa mguu hapo, unajizika". Wakatoa upepo kidogo kwenye matairi, wakachimba mbele ya kila tairi, wakatandika matawi, jamaa akaondoka taratibu bila kelele na gia ya pili ya L4, ile four wheel ya nguvu ya mwendo mdogo. Surf yetu ikapita kushoto kwake na tairi za matope zilizochoka nusu. Sijisifu mimi, nasifia matairi.

Kwa hiyo mkuu vitu vya kubeba ni hivi, kamba pana ya kuvutia (sio mkonge, itakukatikia usoni), koleo, jeki na kipande cha ubao mnene cha kuweka chini yake maana kwenye tope jeki inazama badala ya gari kupanda, spea yenye upepo kweli, na pampu ndogo ya kuchomeka kwenye sigareti laita. Hiyo pampu watu wanaidharau, lakini ukishusha upepo mpaka psi 20 au 22 ili upite tope lazima ujaze tena ukirudi lami, ukikimbia hivyo hivyo tairi zinachemka zinapasuka. Four wheel weka KABLA ya kuingia, sio ukishakwama. Ukiteremka gia ndogo, breki iache. Na vijana wa kusukuma patana nao bei mapema, gari likishazama na bei inapanda.

Sasa RAV4 yako. Ina four wheel ila haina ile gia ndogo ya L4 na tumbo lake liko chini. Juni ukiwa na matairi mazuri nenda nayo, pole pole. Masika iache Matai kwenye lodji, chukua bodaboda au patana na mwenye Land Cruiser mkonga (ile ngumu yenye bomba la hewa juu) wa pale pale, anaijua njia kuliko google.

Pale getini ni hifadhi ya TFS, wakala wa misitu wa serikali, hakikisha una salio kwenye simu maana malipo ya serikali ni kontroo namba, na mtandao ukiyumba utakaa. Maporomoko yenyewe yanadondoka mita kama 235 kwa mpigo mmoja bila kugusa ngazi njiani. Victoria Falls, pamoja na sifa zake zote, ni mita 108. Tugela ya Afrika Kusini ni ndefu zaidi ila inashuka kwa vipande vipande. Kinachoshangaza Kalambo ni kwamba mto juu unaonekana wa kawaida kabisa, ng'ambo ni Zambia, halafu ghafla ardhi inaisha. Watoto washike mikono, sio utani. Kwenye kuta za bonde wanataga wale korongo wakubwa wenye kipara, unawaona kwa CHINI wanapaa, yani unamwangalia ndege mgongoni.

Na juu ya maporomoko, upande wa Zambia, ndo pale mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Liverpool walitangaza magogo mawili yaliyochongwa yakapachikwa moja juu ya lingine, umri wake miaka 476,000 hivi, kabla hata binadamu wa aina yetu hajatokea. Mti ulidumu kwa sababu ulikaa kwenye udongo uliolowa maji muda wote. Udongo ule ule wa kukukwamisha wewe, haha.

Ukibaki na siku usigeuze haraka, rudi Matai ushuke na ile lami mpaka Kasanga, ziwa Tanganyika, kuna mabaki ya ngome ya Mjerumani enzi hizo pakiitwa Bismarckburg, ila mi hunipeleka migebuka, wale samaki wa ziwa hilo. Beba deli, na barafu nunua Sumbawanga, ya Kasanga usiitegemee.