Somo wako wa Palermo

Mwanangu Rozalia,

Ujumbe wako nimeupata. Umeuliza kama somo wako aliishi kweli, na kama ni kweli kwamba mifupa yake ni ya mbuzi. Nimecheka mpaka baba yako akaja kuuliza kuna nini.

Jina lako halina siri. Ulizaliwa tarehe 4 Septemba, bibi yako akafungua kalenda ya watakatifu, akakuta Rosalia, kazi ikaisha. Mimi nilitaka Anastazia.

Sasa somo wako. Kwa mapokeo, alizaliwa Palermo, kisiwani Sisilia, karibu mwaka 1130, enzi za mfalme Roger II, katika ukoo wa mabwana wakubwa. Akaacha vyote akawa mkaapweke, kwanza kwenye pango la Quisquina, kisha juu ya Monte Pellegrino, mlima wa mita kama 600 unaoutazama mji wa kwao. Alikufa huko miaka ya 1160. Hakuna aliyeandika habari zake akiwa hai. Kule Quisquina yapo maandishi ya Kilatini yaliyochongwa ukutani: “Mimi Rosalia, binti wa Sinibaldi, bwana wa Quisquina na Rose, kwa upendo wa Bwana wangu Yesu Kristo, nimeamua kukaa katika pango hili.” Wataalamu wanayabishania, maana yalionekana mwaka 1624, wakati watu walikuwa tayari wanamtafuta. Lakini asikudanganye mtu kwamba alibuniwa mwaka huo. Makanisa yenye jina lake yalikuwepo tangu zamani.

Walimtafuta kwa sababu ya tauni. Meli kutoka Tunis ilitia nanga Palermo Mei 1624, na baada ya muda mfupi watu wakaanza kufa, hata mtawala aliyemwakilisha mfalme wa Hispania akafa kwa tauni hiyo. Mji ulikuwa na wasimamizi wake wa mbinguni, Agata, Kristina, Ninfa na Oliva, wakaombwa wote. Kumbe mlimani kulikuwa kunachimbwa, kwa sababu mwanamke mmoja mgonjwa alisema ameoteshwa, na tarehe 15 Julai ikapatikana mifupa iliyogandamana na mawe. Kardinali Doria, askofu mkuu wa Palermo, hakukurupuka. Aliita madaktari na wanateolojia, na jopo la kwanza halikuridhika.

Hapo ndipo anaingia mtengeneza sabuni, Vincenzo Bonelli, ambaye ndiye hasa ninayempenda katika habari hii. Tauni ilikuwa imemchukua mkewe, akapanda mlimani Februari 1625 akitaka kujirusha. Inasimuliwa kwamba Rosalia alimtokea, akamzuia, akamwambia mifupa ile ni yake na ipitishwe mjini. Bonelli naye akaugua, akamweleza padri wake yote kabla hajakata roho. Jopo la pili likaikubali mifupa, na Juni ikazungushwa mjini kwa maandamano makubwa. Mimi niliyezeekea wodini, kukusanya umati wakati wa tauni kunanipandisha presha hata leo! Ugonjwa haukukatika siku ile ile, na mji ulikuwa umeshaanza kufunga nyumba za wagonjwa na kuwatenga. Watu wa Palermo, hata hivyo, walimshukuru Rosalia, na mwaka 1630 Papa Urbano VIII akamwingiza katika orodha rasmi ya watakatifu.

Na mbuzi? Huyo ni William Buckland, mtaalamu wa miamba wa Oxford, aliyepita Palermo karne ya 19 akiwa fungate. Inasemekana alitazama mara moja tu akatoa hukumu. Huenda alikuwa sahihi. Mwenzio sitetemeki. Ikithibitika kesho kwamba ni mbuzi, Rosalia hapungui kitu, kwa kuwa anayeombwa si mfupa. Ninachokishangaa ni kingine: msichana aliyewakimbia watu maisha yake yote ndiye waliyemfuata wakiwa hawana pa kwenda.

Na bado wanamfuata. Usiku wa kuamkia 4 Septemba wanapanda mlima kwa miguu, wengine peku, hadi kanisa lililojengwa ndani ya pango lenyewe, ambako maji yanadondoka kutoka mwambani na kukingwa kwa mifereji ya bati inayopita juu ya vichwa vya waumini. Watamili wa Sri Lanka wanaoishi pale, wengi wao Wahindu, nao wanapanda na nadhiri zao. Tarehe 14 Julai ndiyo sherehe ya barabarani: sanamu yake juu ya gari kubwa mfano wa merikebu, na meya anaweka maua miguuni pake akipaza sauti, “Viva Palermo e Santa Rosalia!” Halafu ni kula. Wanakula konokono wadogo wa kitunguu saumu, wanawafyonza kutoka kwenye gamba, kisha tikitimaji. Wewe uliyekataa pweza wa shangazi yako sijui ungefanyaje.

Ni mimi mama yako.