Vitu visivyotambulika angani: vinachunguzwa na sayansi au na serikali tu?

Swali: Kila mara nasoma kwamba serikali fulani imechunguza vitu vya ajabu vilivyoonekana angani. Je, kuna wanasayansi wanaovitafiti kweli, au ni maofisa tu wanaofungua na kufunga majalada?

Jibu: Wote wapo, ila hawatafuti kitu kimoja. Ofisi ya serikali huanza kazi taarifa ikishafika, na swali lake ni la usalama: kuna tishio? Ikionekana hakuna, jalada hufungwa hata kama kitu chenyewe hakijajulikana. Mradi wa Blue Book wa Jeshi la Anga la Marekani, wa 1952 hadi 1969, ulikusanya taarifa 12,618, na 701 kati yake zikabaki bila maelezo. Ulifungwa baada ya jopo la Chuo Kikuu cha Colorado, likiongozwa na mwanafizikia Edward Condon, kusema kuendelea kuchunguza hakuelekei kuiongezea sayansi chochote. Tunaona hitimisho hilo lilikuwa kali mno, kwa sababu ndani ya ripoti hiyohiyo mna matukio kadhaa ambayo jopo lilishindwa kuyaeleza.

Mwanasayansi hutega vyombo vyake kabla tukio halijatokea. Mfano mzuri ni bonde la Hessdalen, Norwei, ambako mianga isiyoeleweka ilianza kuonekana mara kwa mara mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mwaka 1984 watafiti walipiga kambi huko katikati ya baridi wakiwa na rada, kipimo cha usumaku na kamera zenye kioo cha kuchambua rangi za mwanga. Tangu 1998 kuna kituo kinachojiendesha chenyewe. Mwanga ukichambuliwa rangi zake, unaweza kujua kama unatoka kwenye gesi yenye joto kali au kwenye taa ya gari. Shahidi hawezi kukupa hilo, hata awe mkweli namna gani.

Ufaransa imechanganya yote mawili. Tangu 1977 shirika lake la anga za juu, CNES, lina kitengo cha kazi hii, ambacho leo kinaitwa GEIPAN. Kila tukio hupewa herufi: A limeelezwa, B limeelezwa kwa uwezekano mkubwa, C taarifa hazitoshi, D taarifa zinatosha lakini maelezo hayapo. Hiyo C ndiyo tunayoipenda, maana inazuia ukosefu wa taarifa usigeuzwe kuwa muujiza.

Swali: Mbona basi video za vitu hivi zilizorekodiwa na marubani wa kivita wa Marekani hazitoshi?

Jibu: Kamera ile imeundwa kufuatia shabaha, haikuundwa kwa upimaji wa kisayansi. Jopo la NASA lililotoa ripoti Septemba 2023 lililalamikia hasa vyombo ambavyo usahihi wake haujapimwa. Itazame video iitwayo GoFast: kitu kinaonekana kikipita kasi juu kidogo tu ya bahari. Jopo lilichukua namba zilizomo kwenye picha yenyewe, yaani ndege iko kama mita 7,600 juu, pembe ya kamera, na umbali hadi kwenye kitu, likapiga hesabu. Kitu kilikuwa mita 4,000 hivi juu ya maji, kikienda kama kilomita 64 kwa saa, mwendo wa kawaida wa upepo. Ile kasi kubwa ilitokana na mwendo wa ndege yenyewe.

Swali: Nikiona kitu, nifanye nini ili taarifa yangu iwe na faida?

Jibu: Andika saa, dakika na sekunde. Ingiza paa au nguzo kwenye picha, kisha usiondoke mahali uliposimama hadi umalize. Usivute picha karibu: nukta ya mwanga isipolengwa sawasawa huvimba ikawa kisahani, na wengi wamedanganywa na Zuhura kwa njia hiyo. Urefu juu ya upeo pima kwa ngumi ya mkono ulionyooshwa, ambayo ni nyuzi 10 hivi. Usikadirie ukubwa kwa mita, maana kitu cha upana wa nyuzi 1 kinaweza kuwa cha mita 1 kilicho mita 57 mbele yako, au cha mita 100 kilicho karibu kilomita 6. Faili litunze kama lilivyotoka kwenye kamera, kwa kuwa programu nyingi za kutumiana ujumbe hulibana na kufuta saa na mahali. Na kama una mwenzako kilomita chache kando, mpigie naye apige picha papo hapo: pembe mbili za wakati mmoja ndizo zitakazotoa umbali.