Maswali ya Wasomaji: Kwanza Nionyeshe Mgongo wa Mchoro

*Shikamoo mzee. Nimekusanya michezo ya video tangu nikiwa sekondari, na siku hizi moyo umehamia kwenye michoro yenyewe iliyochorwa kwa mkono kwa ajili ya makava. Nimempata muuzaji anayesema ana mchoro halisi wa kava la mwaka 1988. Amenitumia picha moja tu, ya mbele. Mambo matatu yananitatiza. Sehemu ya juu ni tupu, hakuna jina la mchezo. Rangi ya anga hailingani na ya boksi nililo nalo. Tena sioni hata alama moja ya brashi, uso ni laini kama kitu kilichochapwa. Je, naibiwa?*
— Mpenda Kava

Marahaba, mwanangu. Katika hayo matatu, mawili ya kwanza yangenifurahisha mimi.

Utupu wa juu ndio mahali pa jina. Mchoraji wa kava alikuwa akichorea mashine ya uchapishaji. Aliacha anga au giza juu, halafu jina likaandaliwa peke yake, mara nyingi kwenye plastiki angavu iliyolazwa juu ya mchoro. Kulikuwa na faida kubwa kufanya hivyo. Bob Wakelin, aliyechora makava mengi ya kampuni ya michezo ya Ocean ya Manchester, Uingereza, alichora wapiganaji wawili wenye bunduki kwa ajili ya mchezo ulioitwa Gryzor kwenye kompyuta za nyumbani. Mchoro huohuo ukavuka bahari, na mwaka 1988 ukawa kava la Contra la mashine ya Nintendo kule Marekani. Mchoro mmoja, majina mawili. Jina lingekuwa limechorwa kwa rangi juu ya ubao, yaani kadibodi ngumu iliyobeba mchoro, hilo lisingewezekana bila kuuharibu.

Rangi nazo lazima zitofautiane. Boksi limechapwa kwa rangi nne za wino: samawati, majenta, njano na nyeusi. Mchoraji ana zambarau na machungwa makali ambayo wino huo hauwezi kuyafikia. Nilifanya kazi miaka kumi na tisa katika chumba cha kamera cha kiwanda cha uchapishaji, na sikumbuki mchoraji hata mmoja aliyekuja kutazama karatasi ya majaribio akaondoka ameridhika na zambarau yake. Kwa hiyo mimi huogopa zaidi mchoro unaofanana na boksi kupita kiasi. Mtu anayeghushi huanza na boksi: analipiga picha, anafuta maandishi, anachapa upya. Matokeo yake hubeba rangi za boksi na huishia palepale boksi linapoishia. Mchoro halisi kwa kawaida una ziada pembeni, kwa sababu kiwanda kilihitaji nafasi ya kukata. Chukua boksi lako, liweke kando ya ile picha, utazame kingo zote nne. Je, kuna kipande cha mwamba, mguu au wingu ambacho boksi halina? Kama kipo, endelea kuzungumza na huyo muuzaji.

Usitishwe pia ukikuta mchoro una kitu ambacho mchezo hauna. Kava la Marekani la Mega Man 2, alilochora Marc Ericksen, linamwonyesha shujaa ameshika bastola, wakati kwenye mchezo risasi hutoka mkononi mwake. Waliokuwa wakiliandaa waliangalia vidoa vichache kwenye skrini wakaona wamehitimisha sawasawa. Enzi hizo ndivyo kazi ilivyokwenda, na ndiyo maana naipenda. Kampuni ya Atari ilipoleta mashine yake ya michezo mwaka 1977, kifaru cha vita kwenye mchezo wa Combat kilikuwa umbo dogo la vipande vya mraba. Aliyempa mtoto moshi, vumbi na ndege zinazopita juu alikuwa Cliff Spohn, kwa mchoro wa kava. Mtoto aliucheza mchezo akiwa na mchoro ule kichwani.

Sasa hili la tatu, ulaini, ndilo la kufanyia kazi.

Wachoraji wengi wa miaka ya 1980 walitumia eabrashi, ile kalamu inayopuliza rangi kwa hewa, na eabrashi haiachi alama za brashi. Macho matupu hayatakusaidia. Tafuta lenzi ya kukuza mara kumi, hiyohiyo ya sonara. Kitu kilichochapwa kiwandani kitakuonyesha nukta zilizojipanga kwa utaratibu, rangi nne zikizungukana kama petali za ua. Kilichochapwa na printa ya wino kitakuonyesha vumbi la rangi zilezile chache kila mahali, hata ndani ya rangi ya ngozi. Eabrashi nayo hutoa chembe ovyoovyo, kubwa kwa ndogo, na ndani ya rangi ya ngozi utakuta ni rangi ya ngozi kweli. Kisha fuata ukingo wa umbo lolote kali, labda bega au ubavu wa chombo cha angani. Mchoraji alifunika sehemu kwa utando wa plastiki wenye gundi, akaukata kwa kisu juu ya mchoro, akapuliza, akaubandua. Kisu mara nyingi kiligusa karatasi. Ukilaza taa ubavuni utaona mikwaruzo myembamba inayofuata umbo, na pale utando ulipovuja, ukungu mdogo wa rangi.

Mimi niliwahi kuibiwa kwa sababu ya kuamini vidole. Niliuziwa turubai lenye mistari minene ya brashi, nikaipapasa, nikalipa. Nyumbani nikaweka lenzi: chini ya mistari ile kulikuwa na wino wa printa, na mistari yenyewe ilikuwa jeli angavu iliyopakwa juu, isiyo na rangi hata kidogo. Mstari wa brashi ulipita shavuni kwenda kwenye nywele bila kubadilika. Hapo ndipo nilipopaswa kutazama kabla ya kutoa pesa.

Lakini hata kabla ya lenzi, mwambie muuzaji akutumie picha ya mgongo. Ubao uliopita kiwandani una historia nyuma yake: namba ya kazi, mhuri wa studio, asilimia ya kupunguza ukubwa iliyoandikwa kwa penseli (kwa sababu walichora kikubwa kuliko boksi), tarehe ya kurudisha, mabaki ya tepu iliyoshikilia karatasi nyembamba ya kufunikia. Pembeni, mbele, kuna alama za kukatia na misalaba midogo ya kulinganisha filamu za zile rangi nne. Ukikuta mchoro umebanduliwa kutoka kwenye ubao wake, yaani ngozi ya juu peke yake imekunjika kidogo, usiukatae. Skana kubwa za wakati ule zilizungusha mchoro juu ya pipa angavu, na ubao mgumu haukunjiki, basi tulikuwa tunaubandua. Mikono yangu imebandua mingi. Ulikuwa utaratibu wa kazi, japo leo nikiona mpasuko kwenye kona huwa najiuliza ni wa nani.

Sahihi ya mchoraji mbele haikupi uhakika mkubwa; nakala nazo husainiwa. Muulize muuzaji mchoro ulimfikiaje. Baadhi ya kampuni ziliwarudishia wachoraji kazi zao, nyingine zilizihifadhi, na nyingine zilizitupa wakati wa kuhama ofisi, ndiyo maana baadhi ya michoro hutokea kwa wafanyakazi wa zamani. Jibu la namna hiyo linaaminika likiwa na jina la mtu na mwaka. Kama mchoraji yu hai, mwandikie kwa adabu, umtumie picha zote mbili, mbele na nyuma. Wengi wao hawakuwekwa jina kwenye boksi, na hufurahi kuona kuna anayeuliza.

Mwisho kabisa, bei. Julai 2021 nakala ya Super Mario 64 ambayo haijafunguliwa iliuzwa kwenye mnada wa Heritage, Marekani, kwa dola milioni 1.56. Boksi lile lilichapwa kwa wingi mno. Mchoro wa kava ni mmoja. Mimi nimeuchagua huo mmoja, lakini sikuombi ulipe kwa hasira ya kuogopa kuchelewa. Subiri picha ya mgongo.

*Nilinunua kwa halali mchoro uliotumika kwenye tangazo la mchezo katika gazeti la zamani. Nataka kuchapa mabango machache na fulana, nirudishe gharama. Mchoro si wangu?*
— Mwenye Mali

Ubao ni wako, ndugu yangu. Haki ya kuunakili ni kitu kingine, na haikuja nao. Sheria ya hakimiliki ya Marekani inayotumika tangu 1978 inalisema hilo waziwazi: kuuza kitu chenyewe si kuuza hakimiliki yake. Inaweza kuwa ya kampuni au ya mchoraji, kutegemea mkataba wao, na wahusika waliomo kwenye mchoro kwa kawaida ni wa kampuni. Unaweza kuutundika, kuuazima kwa maonyesho, kuuza au kurithisha. Fulana, hapana, mpaka upate ruhusa kwa maandishi.

Nikuulize nawe: ulipewa pia ubao wa mpangilio, ule wenye vipande vya maneno vilivyobandikwa? Wakusanyaji wengi huudharau, nami huona ni hasara. Pale ndipo unapoona uamuzi ukifanyika, neno limekatwa kwa wembe na jingine kuwekwa juu yake. Vipande hivyo vilishikwa kwa nta, na nta ikizeeka huachia. Kipande kikidondoka usikigundishe. Kitie kwenye bahasha isiyo na asidi, andika kilitoka wapi, uiweke pamoja na ubao.

*Natafuta mchoro halisi wa kava la mchezo wa mwaka 2004. Mbona kila ninayemuuliza ananiambia hakuna?*
— Msakaji

Huenda wanakuambia kweli. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1990 makava mengi yalihamia kwenye kompyuta, na kazi ikabaki faili. Wapo waliodumu na karatasi: Yoshitaka Amano, mchoraji wa michezo ya Final Fantasy, ni mmoja. Kwa wengine tafuta michoro ya penseli ya mwanzo, kama ipo. Anayekuuzia chapa moja ya faili akaiita mchoro halisi, mshukuru na uondoke.

*Hujambo mzee. Mkwe wangu, aliyekuwa msanifu wa matangazo, ametuachia mchoro wa kava wa guashi na rangi za kung'aa sana. Tumeutundika mkabala na dirisha. Pinki imepauka, kuna madoa ya kahawia, na kioo kimegusana na rangi. Naweza kuupangusa kwa kitambaa chenye maji?*
— Mkwe

Sijambo, dada yangu, na nakuomba uweke hicho kitambaa chini. Guashi ni rangi nzito ya maji, na huyeyuka kwa maji hata baada ya miaka arobaini. Rafiki yangu alipangusa kidole kimoja tu cha shujaa, na kidole kikahamia kwenye upanga.

Pinki iliyopauka hairudi. Rangi zile za kung'aa, hasa zile za maji za chupa walizozipenda wasanifu, hufa kwa mwanga, na kila saa inaongezeka juu ya zilizopita. Majumba ya makumbusho huweka kazi za karatasi kwenye mwanga hafifu wa takriban luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga), tena kwa miezi michache kisha huzirudisha gizani. Kioo cha kuzuia mionzi ya urujuanimno kinasaidia, lakini hakizuii madhara ya mwanga wenyewe. Madoa ya kahawia yanaweza kuwa ni gundi ya mpira inayopenya kutoka nyuma au asidi ya kadibodi ya fremu. Hayo ni ya mtaalamu wa kuhifadhi karatasi, na mweleze kuwa kuna guashi kabla hajagusa chochote.

Kuhusu kioo: kama rangi imenata, usiivute. Acha mchoro na kioo vilivyo, vilaze chali, uvipeleke hivyohivyo. Fremu mpya iwe na karatasi nene isiyo na asidi kati ya kioo na mchoro, na nyuma pasiwe na mbao tupu.

Tazama pia kama mkwe wako aliandika chochote nyuma, na ukipige picha kabla fundi hajafungua. Lakini hilo ni la kesho. Leo utoe ukutani.