Kwa dada aliyeuliza kama huu ni ugonjwa wa Wazungu

Dada, umeuliza kama mwanamke Mwislamu wa pwani, aliyekulia nyumba ya kula sinia moja, anaweza kuwa na ugonjwa wa kula sana kwa siri kisha kujitapisha. Anaweza. Mimi ninao, nimeolewa nao, nimezaa nao, na sasa naendelea na matibabu.

Hospitali wanauita bulimia. Daktari wa London, Gerald Russell, ndiye aliyeueleza kitabibu mwaka 1979, lakini hauchagui rangi. Kule Nadroga, mkoa mmoja wa Fiji, visiwa vya bahari ya Pasifiki, ambako mwili mnene ulikuwa sifa, televisheni iliingia 1995. Watafiti waliwauliza wasichana wa shule mwaka huo; hakuna aliyesema anajitapisha ili apungue. Waliporudi 1998, zaidi ya mmoja kati ya kumi alikiri.

Ila kwangu televisheni haikuwa na kazi kubwa. Ukweni kila mtu alikuwa na la kusema juu ya mwili wangu: nikinenepa, mume ananitunza, nikikonda, watu wananong'ona nina ngoma, yaani Ukimwi. Nilichokula na nilichokitoa ndicho kitu pekee ambacho hakuna aliyenipangia. Hivyo ndivyo nilivyouelewa ugonjwa wangu, na bado naona kuna ukweli humo. Mama aliuelewa kama jini, akanipeleka nisomewe kisomo cha Kurani. Kisomo kilinituliza moyo, simlaumu, lakini kutapika hakukukoma. Zahanati walinipa dawa za vidonda vya tumbo. Kwa mshauri nilikutana na wenzangu: mmoja ugonjwa ulimwanza alipofiwa na mama yake, mwingine ni mnene na hakuna aliyemwamini kwamba anaumwa. Wengi wetu tulikuwa na miili ya kawaida tu. Usisubiri ukonde ndipo ujione mgonjwa.

Kilichoniuma kuliko vyote ni Ramadhani. Miaka mingi niliona funga inanisitiri, kwani nani atauliza kwa nini sili? Kisha futari inafika, nakula bila kujizuia, narudi kule kule. Daktari aliponikataza kufunga nililia, nikaona nimenyang'anywa dini yangu. Shehe wetu akanisomea Al-Baqara aya ya 184, kwamba mgonjwa atalipa siku nyingine, akanieleza pia habari ya fidia, yaani kulisha maskini, kwa asiyetarajia kupona. Kula mchana huku wifi yangu amefunga, ananitazama, kulikuwa kugumu kuliko dawa yoyote. Lakini mwezi ule ndipo nilipoanza kutenganisha ibada na ugonjwa. Mpaka pale, kila nilipojinyima nilijihesabia thawabu.

Matibabu yenyewe ni mazungumzo na mshauri, na kula milo kwa saa zilezile hata kama jana usiku uliharibikiwa. Ukiruka mlo ili kufidia, jioni njaa itakurudisha ulikotoka.

Na hili tafadhali lishike. Kutapika kunamaliza madini ya potasiamu mwilini, na moyo unaitegemea. Ukihisi mapigo yanaruka, unazimia, au viungo vinaishiwa nguvu, nenda hospitali siku hiyohiyo uombe wapime damu. Usiseme tumbo linauma tu, watakutibu tumbo. Sema unajitapisha. Mdomo ukigoma, andika kwenye karatasi umpe nesi. Mimi ndivyo nilivyofanya, na alinipeleka kwa daktari bila kuniuliza mbele za watu.